Shule ya Serikali na Sala ya Vijana: Habari kutoka Marekani

Kila mwaka mwezi wa Septemba, mashule yanapofunguliwa, wazazi Wakatoliki hutujia sisi makatekista na swali lile lile: "Mtoto wetu hakupata nafasi katika shule ya mapadri, amekwenda shule ya Serikali. Je, sala yake itakuwaje?" Hatupendi kuwajibu kwa maneno mepesi. Basi leo twataka kuwasimulia wasomaji wetu habari za shule moja ya Serikali kule Marekani, ambamo swali la namna hiyo lilizua kesi ya miaka mitano, likafika mpaka Mahakama Kuu ya nchi. Na ili tuielewe vema, itatubidi kurudi nyuma zaidi ya miaka mia, mpaka siku makanisa yetu mawili yalipochomwa moto kwa ajili ya Biblia.

Mji wa Omaha uko katika jimbo la Nebraska, katikati ya Marekani, kando ya mto Missouri. Wakatoliki wengi wamesikia habari zake kwa sababu ya Padri Flanagan, aliyeanzisha huko mwaka 1917 makao ya watoto wasio na wa kuwatunza, yaitwayo Boys Town. Lakini shule tunayoisema si ya mapadri. Yaitwa Westside, nayo ni shule ya sekondari ya watu wote, katika vitongoji vya magharibi, mbali na kelele za mji. Katika shule kama hiyo mzazi halipi karo. Gharama hutoka katika kodi, na wakaaji wenyewe huchagua halmashauri ya kuiongoza. Mkuu wa shule, ambaye sisi hapa Kongo tungemwita prefe, yuko chini ya halmashauri hiyo. Katika miaka ya 1980 wanafunzi wake walipata 1,450.

Masomo yalipokwisha, wengi wao hawakurudi nyumbani mara moja. Palikuwa na vyama vya wanafunzi karibu 30, na kila mmoja aliingia alimotaka, bila kulazimishwa. Wengine waliimba kwaya, wengine walipiga ala katika bendi na orkestra. Wengine waliandika gazeti la shule, wengine walijifunza kubishana kwa hoja, wengine walipiga picha. Palikuwa na chama cha Kilatini: sisi tuliopita seminari tulicheka kidogo kusoma hayo, maana tulidhani mateso yale ni yetu peke yetu. Palikuwa na chama cha kuwapokea wanafunzi wageni wasione upweke, na chama cha kuwasaidia wenzao waliosoma katika madarasa ya pekee kwa sababu ya udhaifu wa akili au wa mwili. Palikuwa na chama cha sataranji, mchezo ule wa mfalme na askari wake juu ya ubao wa mirabaraba. Kulikuwa hata na chama cha wapiga mbizi, wanaozama majini na chupa ya hewa mgongoni; nasi tukitazama ramani twaona kwamba kutoka Omaha mpaka baharini ni zaidi ya kilomita elfu moja!

Halmashauri haikuvihesabu vyama hivyo kuwa mchezo tu. Iliandika katika kanuni zake kwamba ni sehemu ya lazima ya malezi, maana humfundisha kijana kuwa raia mwema na kupatana na wenzake. Kanuni ile ile ilitaka kila chama kiwe na mwalimu wa kukisimamia. Wasomaji wakumbuke neno hilo.

Mwezi wa Januari 1985 mwanafunzi mmoja, jina lake Bridget Mergens, aliingia ofisini mwa mkuu wa shule. Aliomba ruhusa ya kuanzisha chama cha Kikristu. Wangekutana baada ya masomo kama wenzao wa sataranji, wasome Biblia, wazungumze, wasali pamoja. Mlango ungekuwa wazi kwa kila mwanafunzi, wa dini yoyote. Tofauti ilikuwa moja: chama hiki hakingekuwa na mwalimu wa kukisimamia.

Mkuu wa shule alikataa. Wakubwa wake walikataa vilevile mwezi wa Februari. Mwezi wa Machi binti huyo alipeleka ombi lake mbele ya halmashauri nzima, nayo ikakataa. Sababu zao zilikuwa mbili. Ya kwanza ni ile kanuni ya mwalimu msimamizi. Ya pili ndiyo nzito: walisema kwamba Katiba ya Marekani yaikataza Serikali kusimika dini, na shule ya Serikali ikipokea chama cha kusali, itakuwa kama imeisimika.

Msomaji atasema: watu gani hawa, wanaomruhusu mtoto kucheza sataranji na kumnyima kusoma Injili? Sisi pia ndivyo tulivyosema mara ya kwanza. Lakini watu wale hawakuwa wapagani wala wakomunisti. Waliogopa, na woga wao ulikuwa na historia yake, ambayo twaiona katika mji mwingine, Philadelphia, mbali sana upande wa mashariki.

Katika mashule ya watu wote ya Philadelphia, zamani zile, kila asubuhi ilisomwa Biblia. Ilikuwa tafsiri ya Waprotestanti wa Kiingereza, ile ya mfalme James. Watoto wa Kikatoliki, wengi wao wana wa maskini waliotoka Irelandi, walilazimishwa kuisoma na kuimba nyimbo za Kiprotestanti. Mwaka 1842 Askofu Francis Kenrick aliwaandikia wakubwa wa mashule kwa upole. Hakuomba Biblia iondolewe. Aliomba tu watoto wetu waruhusiwe kusoma Biblia ya tafsiri ya Kikatoliki, wasilazimishwe kufuata mafundisho ya dini isiyo yao. Adui zake wakaeneza uvumi kwamba Askofu mgeni ataka kuifukuza Biblia shuleni. Chuki ikapanda. Mwezi wa Mei 1844 watu wakapigana barabarani kwa bunduki. Tarehe 8 Mei kanisa la Mtakatifu Mikaeli likachomwa moto, na jioni ile ile kanisa la Mtakatifu Augustino likateketea. Mwezi wa Julai vita vikawaka tena, na kwa jumla watu zaidi ya 20 wakafa.

Hayo ndiyo yaliyowafanya Wakatoliki wa Marekani wajijengee mashule yao wenyewe. Mtakatifu Yohane Neumann, aliyekuwa Askofu wa Philadelphia tangu 1852, alitumia nguvu zake zote katika kazi hiyo. Mwaka 1884 maaskofu waliokutana Baltimore waliagiza kila parokia iwe na shule. Wakristu maskini wakalipa kodi kwa ajili ya shule za watu wote, na juu ya hiyo wakatoa senti zao kwa shule za parokia. Twapita upesi hapa, ingawa jambo hilo lastahili makala yake pekee.

Sasa tazameni: karibu na mji huo huo wa Philadelphia, upande wa kaskazini, kuna kitongoji kiitwacho Abington, nacho kina shule ya sekondari ya watu wote. Sheria ya jimbo la Pennsylvania, ya mwaka 1949, iliagiza kwamba kila asubuhi zisomwe aya kumi za Biblia, bila maelezo yoyote. Pale Abington kazi hiyo walipewa wanafunzi wenyewe, wale wa karakana ya redio. Kati ya saa mbili na robo na saa mbili na nusu walisoma mbele ya mikrofoni, na sauti yao ikasikika katika madarasa yote. Kisha wote walisimama na kusali Baba Yetu, wakasalimu bendera, wakasikia matangazo ya shule.

Msomaji alichagua mwenyewe aya na tafsiri. Siku nyingine ilisomwa ile ya mfalme James, siku nyingine ile ya Kikatoliki, siku nyingine maandiko ya Wayahudi. Tuseme wazi: tafsiri ile ambayo Askofu Kenrick aliiombea nafasi, na ambayo kwa ajili yake watu walikufa, sasa ilikuwa ikisikika katika shule ya Serikali. Ingetupasa kufurahi, sivyo?

Tarehe 26 Novemba 1956 mvulana mmoja wa miaka 16, Ellery Schempp, alileta darasani kitabu cha Kurani. Aya za Biblia zilipokuwa zikisomwa, yeye alisoma Kurani yake kimya. Wenzake waliposimama kusali, hakusimama. Hakuwa Mwislamu, jamaa yake walikuwa Waunitari, watu wasiosadiki fumbo la Utatu Mtakatifu. Aliitwa kujieleza kwa wakubwa. Mwaka 1958 jamaa yake wakaenda mahakamani.

Mwaka 1959 jimbo likageuza sheria yake: mzazi akiandika barua, mtoto wake atasamehewa. Lakini baba Schempp alikataa kuandika barua hiyo. Aliwaeleza waamuzi kwamba watoto wake wangeonekana kuwa watu wa ajabu mbele ya walimu na wenzao. Miaka ile, asiyesali na wenzake aliweza kuitwa mkomunisti kwa urahisi.

Hapa tumekaa na kufikiri sana. Mtoto wa Kikatoliki wa mwaka 1844, aliyesimama nje ya mlango wakati wenzake wakisoma, ana tofauti gani na huyu? Sisi tungalikuwa Abington siku ile tungalimwona Ellery kuwa mtoto mwenye kiburi, na pengine tungalimwambia asimame. Walakini hoja ya baba yake ni ile ile ya Askofu Kenrick: Serikali isimpangie mtoto wangu namna ya kusali.

Tayari mwezi wa Juni 1962 Mahakama Kuu ilikuwa imekataza sala fupi iliyotungwa na wakubwa wa mashule wa jimbo la New York. Tarehe 17 Juni 1963 ikakata na shauri la Abington: waamuzi wanane dhidi ya mmoja walisema Serikali haina ruhusa ya kuagiza usomaji wa Biblia kama ibada shuleni. Waliongeza kwamba kuisoma Biblia darasani kama kitabu cha historia na cha fasihi si kosa. Wakristu wengi walihuzunika; hata juu ya hukumu ya 1962 Kardinali Spellman wa New York alisema hadharani kwamba imemshtua. Lakini mmoja wa waamuzi wale wanane alikuwa Mkatoliki, William Brennan, Mkatoliki pekee katika Mahakama wakati ule, naye aliandika kurasa nyingi kuieleza dhamiri yake.

Baada ya hapo wakubwa wengi wa mashule wakashikwa na woga. Hukumu ilikataza sala iliyoagizwa na Serikali. Wao wakaona ni salama zaidi kuizuia hata sala ambayo watoto walijiombea wenyewe. Ndiyo maana Bridget aliambiwa hapana.

Lakini miezi mitano tu kabla ya ombi lake, mwezi wa Agosti 1984, Rais Reagan alikuwa ametia sahihi sheria mpya. Nayo yasema hivi kwa ufupi: shule ya sekondari ya watu wote inayopokea fedha za Serikali kuu, ikiruhusu hata chama kimoja kisichohusiana na masomo, haiwezi kukikatalia chama kingine kwa sababu ya mambo kinayoyazungumza, yawe ya dini, ya siasa au ya filosofia. Ila kuna masharti. Chama kianzishwe na wanafunzi wenyewe, kwa hiari yao. Wakutane nje ya saa za masomo. Shule isikiongoze. Mwalimu akiwapo kwenye mkutano wa dini, awepo kama mlinzi tu, asishiriki. Na watu wa nje wasikiongoze wala wasihudhurie kila mara.

Sharti hilo la mwisho limetuchoma kidogo. Maana yake ni kwamba padri wa parokia hawezi kuja kila juma kuwafundisha. Katekista naye angebaki nje ya lango, na katekisimu yake kwapani. Watoto wangesoma Injili peke yao, na nani angewasahihisha wakikosea? Twakubali kwamba hatari hiyo ipo. Lakini twajua pia jinsi vijana wanavyonyamaza sisi tukiingia chumbani.

Basi kesi ya Westside ikaanza. Mahakama ya kwanza ilikipa haki kikundi cha wakubwa wa shule. Ilisema vyama vyote vya Westside vyahusiana na masomo. Walidai sataranji yasaidia hesabu na kufikiri vizuri, na kupiga mbizi ni mwendelezo wa mazoezi ya kuogelea. Mwaka 1989 mahakama ya rufani ikaigeuza hukumu hiyo. Wakubwa wa shule wakakata rufani mbele ya Mahakama Kuu.

Hukumu ilitolewa tarehe 4 Juni 1990. Waamuzi wanane dhidi ya mmoja walimpa haki Bridget. Mama Sandra O'Connor, mwanamke wa kwanza kuketi katika Mahakama ile, ndiye aliyeiandika. Alisema: sataranji haifundishwi katika darasa lolote la Westside, wala hakuna somo linalomlazimisha mwanafunzi kuicheza, kwa hiyo ni chama kisichohusiana na masomo, na sheria ya 1984 yaibana shule. Mtu akisema kila kitu chahusiana na masomo kwa namna fulani, sheria haitabaki na kazi. Kisha akatofautisha mambo mawili ambayo watu waliyachanganya tangu 1963: Serikali inaposema neno la dini, na raia anaposema neno lake la dini. La kwanza Katiba yalizuia, la pili yalilinda. Na wanafunzi wa sekondari, alisema, wana akili ya kutosha kujua kwamba jambo lililoruhusiwa na shule silo lililofundishwa na shule.

Safari hii Wakatoliki mahakamani walikuwa watatu, na wote watatu walikuwa upande wa Bridget, ila hawakuafikiana kwa nini. Anthony Kennedy na Antonin Scalia walisema inatosha kwamba hakuna mtoto anayelazimishwa. Brennan, yule yule wa 1963, sasa mzee wa miaka 84, alijiunga na Thurgood Marshall kutoa onyo: shule ijitenge waziwazi na chama hicho, mtoto mwingine asijione anasukumwa. Aliyekataa peke yake ni John Paul Stevens. Kwa maoni yake, shule iliyokubali chama cha sataranji haikukusudia kuufungua mlango wake kwa kila jambo la ulimwengu. Hoja yake si ya kudharauliwa, kama tutakavyoona.

Bridget mwenyewe hakufaidika na chama alichokiomba. Siku ya hukumu alikuwa amekwisha toka shuleni zamani.

Wasomaji wetu wenye umri wanaweza kukumbuka kwamba mambo haya si mageni kwetu. Mwaka 1972 serikali ya Zaire ilivikataza vyama vya vijana vya dini, ikataka kijana awe katika chama kimoja tu, kile cha MPR. Wana-Xaveri, ambao Padri Georges Defour aliwaanzisha Bukavu mwaka 1952, walikuwa miongoni mwa waliopatwa na katazo hilo. Mwisho wa 1974 ikazitwaa shule za misioni na kuliondoa somo la dini. Mwaka 1977 ikazirudisha mikononi mwa Makanisa kwa mapatano. Yaliyotokea Marekani na yaliyotokea kwetu hayalingani kwa ukali. Lakini katika nchi zote mbili wakubwa walimwogopa kijana mwenye kusali bila kuagizwa.

Ekleziya yenyewe ilitumia muda mrefu kulieleza neno hili. Mtaguso wa Vatikano II ulitangaza tarehe 7 Desemba 1965 kwamba mtu asilazimishwe kutenda kinyume cha dhamiri yake katika mambo ya dini, wala asizuiwe kuifuata. Katika kuitayarisha barua hiyo alisaidia sana Mjesuiti wa Marekani, Padri John Courtney Murray. Na aliyemwombea nafasi ya mtaalamu katika Mtaguso alikuwa Kardinali Spellman yule yule aliyeshtushwa na hukumu ya 1962.

Mlango uliofunguliwa Omaha haukuwa wa Wakristu peke yao. Mwaka 1996, katika mji wa Salt Lake City, wanafunzi walitumia sheria ile ile kuomba chama cha kuwatetea wenzao wanaovutwa na watu wa jinsia yao. Halmashauri ya shule za mji haikutaka. Na kwa kuwa sheria haikuiruhusu kuchagua, ilivifuta vyama vyote visivyohusiana na masomo, kila kimoja, hata vya watoto ambao hawakuwa na ugomvi na mtu. Vilirudishwa mwaka 2000, baada ya mabishano marefu. Sisi tuna mafundisho yetu juu ya ombi la vijana wale, nayo yajulikana. Lakini hatukuweza kuona ni kwa neno gani Bridget angekubaliwa na hao wakataliwe, bila kumrudishia prefe ule ufunguo ulionyang'anywa kwake mwaka 1990.

Mwezi wa Septemba wazazi watakuja tena. Tutawauliza kwanza kama mtoto mwenyewe amesema anataka kusali shuleni, na pamoja na nani.